UNATAKA KUFUGA BUIBUI WA MTINI? KWANZA MPE HEWA!

Je, umewahi kupita jioni chini ya mbuyu au mgunga, ukaona kwenye ufa wa gome kitu chenye manyoya, kikubwa kama kiganja cha mtoto, kimetulia juu ya utando mzito mweupe? Wengi wetu tukimwona huyo tuna jibu moja tu: ndala! Paa! Kwisha habari yake.

Lakini wapo wengine, hasa wale wanaopenda somo la biolojia, ambao hawana haraka ya kuua. Wao humtia kwenye chupa ya jamu, wanakaza mfuniko vizuri asitoroke, wanamtupia panzi wawili, wanamnyunyizia maji, halafu wanampeleka bwenini akashangaliwe. Baada ya siku chache buibui kafa. Panzi wapo, hawajaguswa. Maji yapo, tena yametapakaa kwenye kuta za chupa. Sasa kafa kwa nini?

Mara nyingi jibu ni hewa. Buibui anayeishi mtini huvumilia njaa kwa wiki nyingi, lakini hawezi kuvumilia hewa iliyolala, yenye unyevunyevu, isiyo na pa kutokea. Katika makala hii tutaeleza huyu mnyama ni nani, nani anafaa kumfuga, na jinsi ya kumjengea nyumba inayopitisha hewa kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa Singida. Pia tutaeleza la kufanya akikung'ata, maana huyu bwana hana mchezo.

HUYU NI BUIBUI GANI?

Buibui wakubwa wenye manyoya huitwa tarantula. Duniani wapo aina zaidi ya 1,000. Wengi huishi ardhini kwenye mashimo. Wachache huishi juu ya miti, kwenye matundu, chini ya magome au ndani ya mrija wa utando wanaousuka wenyewe.

Wale wa Afrika wanasayansi huwaita "buibui nyani". Usicheke. Ukiwatazama miguu, ncha zake zina manyoya mafupi yaliyoshikana kama vidole vya nyani.

Tanzania tunao kadhaa. Yupo mmoja wa mtini kabisa, mwenye weusi na rangi ya zeituni, ambaye jina lake la kisayansi ni Encyocratella olivacea. Alielezwa kisayansi mwaka 1907 na anajulikana kutoka Tanzania tu. Huyo ni wetu peke yetu. Yupo pia Pterinochilus murinus, aliyeelezwa mwaka 1897, anayepatikana Tanzania, Kenya na nchi kadhaa za kusini. Huyu wa pili hachagui sana: utamkuta ardhini, chini ya jiwe, au amepanda kwenye tundu la mti. Anapenda nchi kavu na husuka utando mwingi kupita kiasi.

Hapa pana jambo la kushangaza. Huko Ulaya na Marekani watu hulipa fedha kumpata huyu Pterinochilus. Wale wenye rangi ya chungwa wanauzwa kwa jina la "Usambara", yaani milima yetu ya Tanga! Wanazalishwa huko huko majumbani, wanawekwa chumbani kama sisi tunavyofuga njiwa. Sisi tulio naye uani tunamjua kwa ndala tu.

Na hadithi yake si ya leo. Mwaka 1705 mchoraji Maria Sibylla Merian, mzaliwa wa Ujerumani, alichapisha kitabu cha michoro ya viumbe wa Surinam, Amerika ya Kusini. Katika mchoro mmoja alimwonyesha tarantula juu ya tawi la mpera akimla ndege mdogo. Watu wa Ulaya walibisha sana. Hata hivyo baadhi ya buibui wa mtini wa Amerika hadi leo wanaitwa Avicularia, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya ndege mdogo.

ANAPUMUAJE?

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo soma taratibu.

Mapafu ya tarantula hayako kifuani. Yako tumboni, upande wa chini, na ni manne. Kila pafu limepangwa kama kurasa za daftari: kurasa nyembamba sana, damu inapita ndani yake, na hewa inapita katikati ya ukurasa na ukurasa. Damu yenyewe si nyekundu. Ina rangi ya buluu hafifu, kwa sababu inabeba oksijeni kwa madini ya shaba, wakati ya kwetu hutumia chuma.

Sasa wewe ukikosa hewa unapanua kifua, unavuta pumzi ndefu, unakimbilia dirishani. Buibui hana mbavu za kupanua. Kwa sehemu kubwa oksijeni huingia yenyewe polepole kupitia nyufa ndogo za tumboni. Maana yake ni kwamba anategemea kabisa hewa iliyomzunguka iwe safi. Ikichafuka, hana ujanja.

Buibui wa shimoni amezoea udongo wenye unyevu kidogo. Wa mtini amezoea kukaa juu, mahali ambapo upepo unapita mchana na usiku. Mvua ikinyesha analowa, lakini baada ya saa chache kila kitu kimekauka. Ukimtia kwenye chupa iliyofungwa yenye maji, unyevu haukauki. Kuvu inaota. Mabaki ya chakula yanaoza. Vidudu vidogo mithili ya utitiri vinazaliana. Buibui analegea, anashuka chini, anakufa.

Wafugaji wa Ulaya na Marekani walijifunza jambo hili kwa hasara. Walisikia kwamba Avicularia wanatoka misitu ya mvua, wakawafungia kwenye vioo na kuwanyunyizia maji kila siku. Wakafa wengi, tena ghafla. Walipoanza kuacha kuta zikauke na kutoboa matundu pande mbili, vifo vikapungua.

Kama nyumbani mnafuga kuku, jambo hili si geni kwako. Banda lililozibwa kila upande, lenye maranda yaliyolowa, linanuka mpaka macho yanawasha, na kuku wanaanza kukoroma kwa mafua. Mama hakuambii uwape kuku chakula zaidi. Anakuambia fungua banda, toa uchafu, acha hewa ipite. Kwa buibui ni vivyo hivyo.

NANI ANAFAA KUFUGA?

Kabla hujachagua buibui, jichunguze wewe mwenyewe. Jibu maswali haya bila kujidanganya.

Je, utakuwepo? Tarantula jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Wewe una miaka minne ya sekondari, na kila Juni na Desemba unafunga shule kwenda nyumbani. Nani atampa maji?

Je, wenzako wamekubali? Bwenini kuna mtu anayeogopa buibui kwa dhati. Hofu ya namna hiyo si ujinga wala si ya kuchekwa. Mnyama wa aina hii hafai bweni hata siku moja. Mahali pake ni chumba cha biolojia kinachofungwa kwa ufunguo, chini ya mwalimu.

Je, unataka mnyama wa kushikwa? Basi fuga sungura. Tarantula hamjui mwenye nyumba. Habembelezwi, hafundishwi, haji ukimwita. Ni wa kutazamwa tu, kama samaki.

Je, una ruhusa? Tanzania tunayo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kukamata au kuuza wanyamapori hai kunataka kibali. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kabisa kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Usikisie mwenyewe kama buibui yumo au hayumo. Mwalimu wenu amwone afisa wanyamapori wa wilaya, amweleze mnataka kumfanyia nini. Na mtu akikupa elfu mbili mbili umkusanyie buibui kichakani, kataa. Hapo unatumiwa tu, ndugu yangu.

Kama umejibu "hapana" kwenye swali lolote kati ya hayo, unayo njia nzuri zaidi: mwache kwenye mti wake, umfuge kwa macho. Chagueni mti mmoja karibu na shule. Nendeni mkiwa wawili au watatu jioni, kabla ya muda wa kujisomea, na tochi. Simameni hatua mbili. Andikeni tarehe, hali ya hewa, ametoka au hakutoka, anakula nini. Mkifanya hivyo muhula mzima, mtajua mengi kuliko aliyemtia kwenye chupa. Na nyumba yake tayari ina hewa, haijawagharimu hata senti.

KUCHAGUA BUIBUI

Tuseme klabu yenu ya sayansi imepata ruhusa, na mwalimu yupo. Mchague yupi?

Chagueni mdogo kuliko mkubwa kabisa. Mdogo huzoea chombo upesi, na mtamwona akikua.

Msichukue dume aliyekomaa. Mtamtambua kwa vile viguu viwili vifupi vya mbele karibu na mdomo: ncha zake zimevimba kama glovu za ndondi. Dume akifikia hapo amebakiwa na miezi michache tu, pengine mwaka. Mwacheni akatafute jike, kazi yake ni hiyo.

Msichukue jike aliyebeba mfuko wa mayai au mwenye watoto.

Chagueni mwenye tumbo lililojaa vizuri, miguu minane kamili, anayepanda ukuta bila kuteleza. Mwenye tumbo lililonywea kama zabibu kavu ana kiu au ni mgonjwa.

Na mjue tabia yake. Tarantula wengi wa Amerika wana manyoya ya kuwasha tumboni; wakikasirika huyapangusa kwa miguu na kumrushia adui machoni. Wa kwetu Afrika hawana silaha hiyo, kwa hiyo hukimbilia kung'ata. Huyu Pterinochilus ana mbio za ajabu na hasira za karibu. Akiinua miguu ya mbele na kuonyesha meno, anakuambia "mshikaji, rudi nyuma". Mtii. Funika chombo, ondoka. Kwa sababu hiyo anayeanza kufuga asianze na huyu bila mtu mzima anayejua kazi.

ONYO: USITIE MKONO TUNDUNI!

Tundu la mti ni nyumba ya kupanga, lina wapangaji wengi. Ndani anaweza kuwepo nyoka, nge, tandu au kundi la nyuki. Wafuga nyuki wa Manyoni na Itigi watakuambia nyuki wakichokozwa wanafanya nini. Usiingize mkono, wala kijiti, wala moshi. Ukiumwa na nyoka, kimbizwa kituo cha afya mara moja. Usisubiri kuona kama itavimba.

Buibui anachukuliwa akiwa nje, mahali pa wazi. Mfunike kwa kopo linaloona ndani, penyeza kadi ngumu chini yake taratibu, geuza. Anayefanya hivyo ni mwalimu, si wewe.

NYUMBA YAKE

Buibui wa shimoni anahitaji chombo kipana. Wa mtini anahitaji kirefu kwenda juu. Kwa mkubwa, urefu wa sentimeta 30 na upana wa 20 unatosha. Usimpe jumba, atashindwa kuwapata panzi wake.

Mahitaji:
- Ndoo ya plastiki inayoona ndani, yenye mfuniko wa kubana, ya lita 10 hivi
- Msumari mwembamba, koleo na jiko la mkaa
- Kipande cha gome au tawi lenye uwazi ndani, kirefu karibu sawa na ndoo
- Udongo mkavu kutoka mahali pasipopuliziwa dawa
- Kizibo cha soda

Hatua ya kwanza: pindua ndoo, mdomo uwe chini. Yaani mfuniko sasa ndio sakafu. Kwa nini? Buibui wa mtini husuka utando wake juu. Ukiwa unafungulia juu, kila siku unamvunjia nyumba, na ukifungua tu mnakutana uso kwa uso. Ukipindua, utando unabaki salama, na wewe unafungulia chini yeye akiwa juu.

Hatua ya pili: toboa. Pasha msumari moto, ushike kwa koleo, fanya kazi hii nje ya nyumba, kwa sababu moshi wa plastiki ni sumu. Toboa safu mbili za matundu upande mmoja, chini, sentimeta chache juu ya udongo utakapofika. Halafu toboa safu mbili upande wa pili, juu. Matundu 12 hadi 15 kila safu yanatosha. Kila tundu liwe na milimeta 2 hadi 3. Kwa buibui mchanga, milimeta 1. Kanuni ni hii: tundu liwe dogo kuliko kifua chake. Tumbo linajibana, kifua hakijibani.

Angalia vizuri: chini upande huu, juu upande ule. Hewa yenye joto na unyevu huwa nyepesi, inapanda na kutokea juu. Inapotoka, hewa mpya inaingia chini. Inakatiza chombo chote. Ukitoboa juu peke yake, hewa ya chini inabaki imelala pale pale, na ndipo kuvu inapoanzia.

Watu wengine hukata dirisha kubwa na kuziba kwa wavu wa mbu. Wavu wa plastiki anautafuna usiku mmoja, asubuhi hayupo. Wavu wa chuma hunasa kucha zake, anaweza kukatika mguu. Matundu madogo ndiyo salama.

Hatua ya tatu: weka udongo wa sentimeta 5 hadi 8. Simamisha gome likiegemea ukuta, lisitikisike. Weka kizibo chenye maji. Kwisha.

Sehemu ya kuweka: kivulini, mbali na jiko na dawa ya mbu. Ndoo ya plastiki juani ni oveni. Na Singida yetu ina upepo, mnaujua. Usiiweke dirishani upepo ukaivuma moja kwa moja. Tunataka hewa ipite, hatutaki apigwe na kimbunga.

JARIBU MWENYEWE: KIPIMO CHA HEWA

Kabla buibui hajaingia, fanyeni majaribio mawili.

Kipimo cha moshi. Washa kijiti cha udi, jaza moshi ndani ya ndoo tupu, toa udi, funga. Hesabu dakika. Moshi ukitoka wenyewe kupitia matundu ya juu, nyumba inapumua. Ukibaki umesimama kama ukungu wa Julai, ongeza matundu. Kisha acha ndoo wazi siku nzima harufu iishe.

Kipimo cha maji. Weka udongo, mwaga kijiko kimoja cha maji kwenye kona moja, funga, lala. Asubuhi tazama kuta. Kama kuna matone, matundu hayatoshi. Kama kuta ni kavu lakini kile kikona bado kina unyevu kidogo, umepatia.

Kumbuka majira. Mkoa wetu una mvua msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi. Baada ya hapo ni ukame mtupu. Wakati wa mvua usinyunyize kabisa. Hakikisha tu kuta zinakauka. Wakati wa kiangazi kizibo kisikauke, na lowesha kikona kimoja mara moja kwa wiki. Ukiona udongo umekauka ndani ya saa chache na buibui haachi kizibo cha maji, ziba matundu machache kwa selotepu. Usiyazibe yote!

CHAKULA, MAJI NA KUJIVUA

Mpe panzi, nyenje au mende mmoja kwa wiki, asiyezidi tumbo lake kwa ukubwa. Usiokote wadudu kwenye shamba lililopuliziwa dawa, wala mende wa chumba kilichopigwa dawa. Sumu ya mende inakuwa sumu ya buibui. Asipokula, toa mdudu kesho yake kwa koleo refu au vijiti virefu. Kamwe si kwa vidole.

Sasa jambo ambalo limewaponza wengi. Tarantula akikua anajivua ngozi yote. Huacha kula siku kadhaa, kisha analala chali, miguu juu, saa nyingi. Ukimkuta hivyo usiseme "kafa" ukamtupa jalalani! Anajivua. Usimguse, usimpulizie, toa mdudu yeyote aliye hai humo, maana hata nyenje anaweza kumuumiza wakati huo. Mwache siku saba au zaidi bila chakula mpaka meno yake yakauke na kuwa meusi.

Kufa kuna sura nyingine. Buibui aliye hatarini hukunja miguu yote chini ya mwili, kama ngumi. Chali ni kujivua. Ngumi ni hatari. Ukiona ngumi, msogeze karibu na maji, kausha sehemu yenye kuvu, kagua matundu yako.

AKIKUNG'ATA

Haijathibitishwa kwamba tarantula ameua mtu kwa kung'ata. Lakini usijidai. Kung'atwa na Pterinochilus kunauma vibaya sana, kunavimba, na misuli inaweza kukakamaa na kuuma kwa siku kadhaa.

Fanya hivi:
- Mjulishe mwalimu au mtu mzima mara moja. Usifiche kwa kuogopa adhabu.
- Osha kwa maji safi na sabuni.
- Weka kitambaa chenye maji baridi. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba.
- Pumzisha mkono, uuinue kidogo.
- Meza dawa ya maumivu kama paracetamol kwa kipimo chake.
- Nenda zahanati waangalie kidonda, na waulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kimbia hospitali haraka kama uso unavimba, pumzi inabana, misuli inakakamaa, unatapika, au aliyeng'atwa ni mtoto mdogo au mwenye pumu.

USIFANYE haya: usichanje kwa wembe, usinyonye kwa mdomo, usifunge kamba ya kukaza, usipake mafuta ya taa, usitegemee jiwe la nyoka. Wembe wa kuchangia unaweza kukuletea virusi vya UKIMWI au homa ya ini, yaani umekimbia jino la buibui ukaingia kwenye balaa la kweli.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Ni kweli buibui akikukojolea unatoka malengelenge?
Hapana. Malengelenge ya ghafla, yaliyojipanga kama mstari uliochorwa, mara nyingi husababishwa na mdudu mdogo mwekundu na mweusi afananaye na siafu, ambaye ukimponda juu ya ngozi anaacha maji makali. Mengine ni mkanda wa jeshi, ambao ni ugonjwa wa virusi. Usimsingizie buibui, nenda ukapimwe.

Nikimshika baada ya kumzoea je?
Wewe umemzoea, yeye hajakuzoea. Akishtuka ataruka, ataanguka, tumbo lake laini litapasuka. Hasara kwake, meno kwako.

Tukishindwa kuendelea kumfuga?
Kama ni wa hapa hapa, mwalimu amrudishe jioni kwenye mti ule ule alikotoka, kwa kumwarifu afisa aliyewaruhusu. Wa kutoka nchi nyingine haachiliwi porini kamwe.

NA WEWE JE, UNAPUMUA?

Tumehesabu matundu ya ndoo. Hebu sasa hesabu madirisha ya bweni lako. Mangapi yamezibwa kwa magodoro, maboksi na nguo kwa sababu ya baridi ya Juni? Vijidudu vya kifua kikuu huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa kwenye chumba kilichofungwa. Kanuni tuliyojifunza kwa buibui inafanya kazi hapo pia: dirisha wazi upande huu, dirisha wazi upande ule, hewa ikatize. Jifunike blanketi, lakini usizibe dirisha. Na ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.

JADILINI KWENYE KLABU YENU

1. Kwa nini matundu ya juu peke yake hayatoshi?
2. Mmemkuta buibui kwenye mkwaju wa shule. Mwenzenu anataka auawe, mwingine anataka afugwe, wa tatu anataka aachwe. Kila mmoja atoe hoja zake.
3. Tembeeni madarasa na mabweni yote kwa kijiti cha udi. Ni chumba gani moshi umekaa muda mrefu zaidi? Mpelekeeni mwalimu wa zamu majibu yenu yakiwa yameandikwa.